Geti si kibali: Soma hii kabla hujamwaga zege Kitengela

Wewe ambaye chama chenu kimeanza kuongea mambo ya ploti Kitengela, hebu kaa hapa kidogo.

Ile safari unaijua. Jumamosi asubuhi mnakutana tauni, mnapanda matatu ya bure ya kampuni inayouza ploti, mnashika Mombasa Road hadi Athi River, kisha mnakata kulia kuingia barabara ya Namanga. Mkishapita Noonkopir, kile kituo cha zamani ambacho mji wote wa Kitengela umekua ukikizunguka, gari linaingia njia ya vumbi, na baada ya muda mnasimama mbele ya geti. Si geti la mchezo. Nguzo za mawe, soja mwenye sare, na ubao mkubwa wenye ramani ya rangi: kijani ni bustani, manjano ni shule, bluu ni duka. Mnapewa soda. Halafu jamaa wa mauzo anasema ile sentensi yake:

"Hapa hamna stresi ya vibali. Mtaa umeshapangwa, plani zimeshapitishwa. Wewe ni kulipa na kujenga."

Hiyo sentensi ndiyo nataka tuichambue leo, kwa sababu kwetu ilitugharimu pesa na mimi ikanigharimu chuo.

Mathe ni muuza mitumba. Alichukua mkopo wa sacco, akanunua ploti ya hamsini kwa mia ndani ya mtaa wa geti, upande huo wa Noonkopir. Meneja wa mtaa akamuuzia na ramani ya nyumba ya vyumba vitatu, akalipisha ada ya "kupitisha plani", akampa barua yenye mhuri. Mafundi wakaingia. Msingi ukapanda, kuta zikapanda, tukafika linta. Siku moja maafisa wa kaunti wakaja na ilani na rangi nyekundu, wakachora X ukutani. Afisa mmoja alimuuliza mathe nambari ya faili. Mathe akatoa ile barua. Yule afisa aliisoma hadi mwisho, akamrudishia, akamwambia kwa upole, "Mama, hii ni barua ya jirani yako. Si ya kaunti."

Kazi ikasimama. Mkopo haukusimama. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, na karo ya muhula uliofuata ikaenda kulipa msanifu wa majengo. Sikurudi. Sijaleta hilo unionee huruma. Nimelileta ujue kwamba kosa la karatasi moja linaweza kufika mbali na ile ploti.

Mtaa mmoja, ruhusa mbili

Tatizo letu lilikuwa dogo sana kulieleza. Mtaa uliopangwa una ruhusa za aina mbili, na anayeuza hukuuzia ya kwanza kana kwamba ndiyo ya pili.

Ya kwanza ni ya mtaa wenyewe. Ukinunua ploti ndani ya geti, unatia saini mkataba wenye masharti: nyumba isizidi ghorofa kadhaa, paa liwe la rangi fulani, ukuta wa mpaka usipite urefu fulani, usifuge kuku, usifungue kibanda cha chipsi. Kabla ya kujenga, kamati au kampuni inaangalia ramani yako kama inafuata masharti hayo. Hiyo ni sawa kabisa, na ndiyo inafanya mtaa usigeuke soko. Lakini ni makubaliano kati yako na majirani zako. Ukiyavunja, watakushtaki kama mtu aliyevunja mkataba. Ukiyafuata, serikali haijakupa chochote bado.

Ya pili ni ya kaunti, na hiyo ni sheria. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema hakuna mtu kuendeleza ardhi ndani ya kaunti bila ruhusa ya waziri wa kaunti anayehusika na mipango. Haisemi "isipokuwa kama una geti". Ukijenga bila ruhusa, ni kosa la jinai: faini isiyozidi Sh500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Juu ya hapo unaweza kuamriwa urudishe ardhi ilivyokuwa ndani ya siku 90. Kwa lugha ya mtaani, bomoa mwenyewe, kwa pesa zako.

Sasa zile "plani zilizopitishwa" za jamaa wa mauzo ni gani? Mara nyingi hadanganyi, anaacha tu nusu ya maneno. Kampuni ikinunua shamba la ekari ishirini la malisho, inaomba mambo mawili: kugawanya ardhi iwe ploti, na kubadilisha matumizi kutoka kilimo hadi makazi. Ikikubaliwa, ni kweli mpango wa mtaa umepitishwa. Lakini kilichopitishwa ni mistari ya ploti na barabara. Nyumba yako haimo. Kaunti haijaona msingi wako, nguzo zako, wala shimo lako la maji taka. Kila nyumba inataka faili lake.

Na kaunti si mlango pekee. Mradi wa ujenzi unasajiliwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Mtaa wenye nyumba nyingi unapitia NEMA, mamlaka ya mazingira. Ramani ya nyumba inatiwa saini na msanifu aliyesajiliwa, na michoro ya nguzo na msingi na mhandisi aliyesajiliwa. Kisha tangu Machi 2025 tuna Kanuni mpya za Kitaifa za Ujenzi, zilizochukua nafasi ya zile za 1968. Ndiyo, tulikuwa tunajenga kwa kanuni za kabla babu zetu wengine hawajaoa.

Kama unanunua nyumba iliyokamilika badala ya ploti, usidhani umeponyoka. Hapo aliyepaswa kuomba ruhusa ni aliyejenga, na karatasi ya kuulizia ni cheti cha ukaaji, kile kinachosema nyumba imekaguliwa na inafaa kuishi watu.

Mbona basi kila mtu anajenga tu?

Ukitembea Kitengela, kutoka Yukos hadi Milimani hadi Korompoi, utaona mijengo inachipuka kama uyoga. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 58,167 Kitengela. Ile ya 2019 ikahesabu 154,436. Karibu mara tatu kwa miaka kumi. Watu hao wote walitaka keja, na haraka.

Sababu ya kwanza ya kuruka kibali ni pesa. Ada za kaunti hutegemea ukubwa na aina ya jengo, na huwekwa kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti. Lakini ada yenyewe si mzigo mkubwa. Mzigo ni msanifu, mhandisi, mpimaji, na kila mmoja anataka chake kabla tofali la kwanza halijalala. Mtu anayejenga kidogo kidogo, mwezi huu mawe, mwezi ujao simenti, anaona hizo ni pesa za kununua karatasi. Kwa hiyo anaruka.

Sababu ya pili ni kuzungushwa. Kitengela iko jirani na Nairobi, lakini makao makuu ya kaunti yako Kajiado mjini, mbele kabisa ya Isinya. Ombi lako linapitia idara zaidi ya moja: barabara, afya, upimaji, mazingira. Mtu wa kibarua hana siku za kufuatilia hayo. Ndipo anatokea broka mwenye maneno matamu: "Niachie mimi, nina mtu ndani." Unaachia, na kuanzia siku hiyo wewe na faili lako hamjuani tena.

Sababu ya tatu haisemwi sana, nayo ndiyo inayoniuma zaidi. Kuna watu wanaofaidika ukijenga bila kibali. Anayeuza anafaidika kwa sababu ploti inatoka haraka bila maswali. Broka anafaidika kwa sababu ukikosa, utarudi kwake. Na yeyote mwenye mkebe wa rangi nyekundu na tamaa anafaidika kwa sababu anajua huna la kumjibu. Mtaa ambao kila mwenye nyumba ana kosa ni mtaa ambao kila mwenye nyumba anaweza kukamuliwa. Kwa hiyo kibali si heshima unayowapa maafisa tu. Kwa mtu asiye na jina kubwa wala namba ya mheshimiwa kwenye simu, ndiyo kinga pekee aliyonayo.

Siku 60 ambazo hakuna mtu hukuambia

Hapa ndipo nilitamani mtu angenikalisha mapema. Ile sheria ya 2019 haikumfunga mwananchi peke yake. Inasema mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ruhusa inachukuliwa kuwa imetolewa.

Soma tena polepole. Kimya cha siku 60 ni ndiyo.

Lakini usikimbie kuita mafundi. Ili kimya kikufae, lazima uweze kuthibitisha kwamba uliuliza. Hizo siku zinahesabika kutoka siku ombi kamili lilipopokelewa, si siku ulipompa broka bahasha. Ukienda mbele ya hakimu ukisema "nilingoja siku 60" bila stakabadhi ya malipo, nambari ya ombi na tarehe ya kupokelewa, ni hadithi tu kama zingine. Na ombi lililokosa saini ya mhandisi si ombi. Hata hao waliotimiza kila kitu, ningewashauri waandike barua siku ya 61 kuikumbusha ofisi, na waweke nakala.

Ukikataliwa, pia hujafika mwisho. Una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiza mizozo ya mipango ya ardhi, nayo kamati imepewa siku 14 kuamua. Usiporidhika, kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ona basi: sheria inakupa saa mkononi, lakini broka hawezi kukusomea hiyo saa, kwa sababu jina lililo kwenye stakabadhi si lake. Wakati mwingine hata stakabadhi yenyewe haipo.

Kama sisi. Tulipoenda kaunta wenyewe, ndani ya nusu saa tuliambiwa hakuna ombi lolote lililowahi kuletwa kwa ploti ile. Tulikuwa tunangoja jibu la swali ambalo halikuulizwa.

Mpango si urembo wa ubao

Sasa kuna mbogi inayosema kibali ni njia ya serikali kula tu. Naelewa hasira, lakini Kitengela ndiyo mahali pabaya zaidi pa kutumia hoja hiyo.

Hii ilikuwa nchi ya malisho. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa 1988, familia za Wamaasai zikapata hati zao, na kutoka hapo ardhi ikaanza kuuzwa kipande kwa kipande. Kaskazini kuna Mbuga ya Nairobi, ambayo upande wa kusini iliachwa wazi ili wanyama watoke kwenda nyanda hizi mvua ikinyesha. Kila ukuta wa mawe unaojengwa bila mtu kuangalia ramani nzima unaziba njia fulani: ya nyumbu, ya ng'ombe, au ya maji.

Ya maji ndiyo itakufikia wewe. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024, Mto Athi na vijito vyake vilipojaa, wakazi wa Kitengela walikwama, nyumba zikaingia maji. Maji hayajui geti. Ukijenga mahali kijito kilipita miaka yote, kitarudi kupita.

Halafu kuna udongo. Sehemu kubwa ya Kitengela ni ule udongo mweusi unaovimba mvua ikija na kupasuka nyufa kiangazi kikifika. Fundi anayejenga kwa msingi uleule alioutumia kwao kijijini kwenye udongo mwekundu atakuachia nyumba yenye ufa kutoka dirishani hadi chini. Mhandisi kwenye faili la kaunti si wa kupamba karatasi. Na kama umesahau Huruma, Aprili 2016, jengo la ghorofa lilianguka usiku wa mvua na kuua karibu watu 50. Serikali ya kaunti ilisema halikuwa na kibali. Wapangaji hawakuwa na njia ya kujua, na hao ndio waliolala ndani.

Wakubwa pia wanakwama

Usidhani hii ni shida ya wanyonge tu. Julai 2024, wasimamizi wa Tatu City, ule mji mpya wa ekari 5,000 kule Ruiru, walijitokeza hadharani kumlaumu gavana wa Kiambu, wakidai alitaka ardhi ya thamani ya Sh4.3 bilioni ndiyo mpango wao mkuu uliofanyiwa mabadiliko upitishwe. Gavana alikanusha, akasema ardhi inayozungumziwa ni ya matumizi ya umma. Mimi siamui nani mkweli. Ninachosema ni kwamba hata mwenye ekari 5,000, mawakili na vyumba vya kuhutubia wanahabari alikuwa anangoja saini. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na faili la kupigania. Wewe bila faili utapigania nini?

Na kibali chenyewe kina mwisho wake. Novemba 2011, nyumba za kifahari Syokimau zilibomolewa kwa sababu Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ilisema ardhi ni yake. Wenye nyumba walikuwa na hati, na baadhi walionyesha plani zilizopitishwa na baraza la Mavoko. Oktoba 2023, hapo tu ng'ambo ya mpaka wa Kajiado na Machakos, matingatinga yaliingia Mavoko kwenye ardhi ambayo mahakama iliamua ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland, karibu ekari 4,300. Watu waliokuwa wamejenga walitazama nyumba za miaka mingi zikiwa vifusi.

Funzo ni hili: kibali cha kujenga hakioshi hati chafu. Ofisi ya mipango inaangalia nyumba. Haikuhakikishii kwamba aliyekuuzia alikuwa na haki ya kuuza. Kwa hiyo mpangilio ni hati kwanza, kibali pili, fundi mwisho. Wengi wetu tunaanza na fundi.

Maswali ya kuuliza kabla ya soda kuisha

Moja. Omba nambari ya hatimiliki ya shamba zima na ya ploti yako, kisha fanya sachi mwenyewe. Ukiambiwa ni ploti ya kituo yenye barua ya mgao tu, ujue uko kwenye mambo mengine kabisa, tafuta wakili.

Mbili. Omba kuona ruhusa ya kugawanya na ya kubadilisha matumizi. Kama hati bado inasoma kilimo, usikubali maneno "inashughulikiwa". Ununuzi wa ardhi ya kilimo pia unahitaji idhini ya bodi ya usimamizi wa ardhi.

Tatu. Uliza moja kwa moja: "Ruhusa ya kaunti ya nyumba yangu nitaomba mimi au mnaomba nyinyi?" Chochote watakachojibu, kiandikwe kwenye mkataba, pamoja na nani atalipa faini mambo yakiharibika.

Nne. Msanifu na mhandisi, thibitisha wamesajiliwa. Si lazima uwaamini kwa sura.

Tano. Ombi lipelekwe kwa jina lako, malipo yafanywe kwa njia rasmi ya kaunti, na stakabadhi ikae kwako. Piga picha, itume kwa mtu wa familia kwenye WhatsApp. Andika tarehe. Hesabu siku.

Nyumba ya mathe sasa ina paa. Tulianza upya: msanifu, mhandisi, ombi, ada, na adhabu ya kuanza bila ruhusa juu yake. Mhandisi alisema msingi wetu ulikuwa mwembamba kwa udongo ule, tukauongezea nguvu kabla ya kuendelea. Kwa hiyo yule afisa aliyechora X, ambaye mathe alimlaani wiki nzima, huenda alituokoa. Ile X tuliipaka rangi mara mbili, na jua likipiga upande huo bado inaonekana kidogo. Meneja aliyetuuzia barua alihamia mradi mwingine. Pesa zetu zilihama naye.

Basi Jumamosi ukifika getini, furahia ramani ya rangi, pumua hewa ya Kitengela, kisha omba nambari ya faili. Ukipewa nambari, nenda uithibitishe. Ukipewa soda ya pili badala ya nambari, kunywa, shukuru, na panda matatu urudi nyumbani na pesa zenu za chama.